Mizani ya Watu Saba

Kura ya kwanza niliyoshindwa katika mchezo wa Triangle Strategy ilihusu safari tu, wala hapakuwa na roho ya mtu iliyowekwa rehani. Serenoa Wolffort, kijana aliyekabidhiwa uongozi wa nyumba ya baba yake muda mfupi uliopita, alitakiwa kuteua moja kati ya mataifa mawili jirani ili alizuru, na mimi niliyekuwa nikimwongoza nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba tungekwenda Hyzante, taifa takatifu la jangwani, kwa sababu tu sikuwa na hamu ya kuitazama theluji ya Aesfrost. Wenzake saba walisimama kuizunguka mizani ya kale, kila mmoja akatia sarafu yake upande aliouona unafaa, na mizani ikalalia Aesfrost kwa sarafu nne dhidi ya tatu. Nilibonyeza vitufe kadhaa nikitafuta mahali pa kuutengua uamuzi huo, kwa kuwa katika michezo yote niliyowahi kuicheza kabla ya hapo, mhusika mkuu akisema waende kusini, watu huenda kusini. Mahali hapo sikupaona. Tukaenda Aesfrost.

Mdogo wangu wa kike, aliyekuwa ameketi kando yangu akitazama kwa nusu jicho, alicheka sana. "Kumbe dada, wewe ndiye mkuu wao, na bado hawakusikilizi?" Sikumjibu, lakini swali lake lilinikera kwa siku kadhaa, na nikiri kwamba sehemu kubwa ya ninayoyasimulia hapa ilianzia kwenye kero hiyo.

Kwa wasioufahamu mchezo huu, ulitengenezwa na kampuni ya Square Enix ikishirikiana na Artdink, ukatoka mwezi Machi 2022 kwa ajili ya mashine ya Nintendo Switch, na baadaye mwaka huo huo ukafika kwenye kompyuta zinazotumia Windows. Ni mchezo wa mbinu za kivita, wa aina ambayo watengenezaji wa Japani wameilea kwa miongo kadhaa: ramani imegawanywa miraba, kila mhusika husogea kwa zamu yake, na anayeshinda ni yule aliyefikiri mbele zaidi, maana wepesi wa vidole hausaidii kitu. Hadithi yake imewekwa katika bara la kubuni liitwalo Norzelia, lenye dola tatu. Aesfrost ya kaskazini ina chuma, Hyzante ina chumvi, na Glenbrook iliyo kati yao ina ardhi yenye rutuba na njia za biashara. Miaka 30 kabla ya hadithi kuanza, dola hizo zilipigana vita vikubwa vya kugombea chumvi na chuma, na amani iliyofuata ni ya mashaka, kama kidonda kilichofunika juu huku ndani kikiendelea kutunga usaha. Serenoa ni bwana wa nyumba mojawapo ya Glenbrook, na ameposewa Frederica, binti wa ukoo unaotawala Aesfrost, ili ndoa yao iwe kifungo cha amani hiyo.

Niseme mapema kwamba mchezo huu una maneno mengi. Saa za kwanza ni mazungumzo tupu, vita kimoja, kisha mazungumzo tena, na kwa kuwa hauna tafsiri ya Kiswahili, mimi niliusoma polepole kwa lugha ya kigeni nikiwa na kamusi mkononi. Wachezaji wengine wanaulaumu kwa hilo, na lawama yao naielewa. Lakini ule upole wa kusoma ulinisaidia baadaye, maana neno ambalo mchezo unalitumia kuitaja ile mizani nililihangaikia kwa muda mrefu: nilianza kwa kulifasiri kichwani kuwa "imani", nikaona halikai, nikajaribu "dhamira", mwishowe nikatulia kwenye "msimamo". Mizani ya Msimamo. Mtu huweka sarafu pale anaposimama.

Utaratibu wake ni huu. Jambo zito linapofika, Serenoa huwaita wenzake saba: Benedict, msimamizi wa nyumba na mshauri wake, Frederica, mchumba wake, Roland, rafiki yake ambaye ni mwana wa pili wa mfalme wa Glenbrook, Geela mganga, Erador mbeba ngao, Anna mpelelezi, na Hughette mpiga mishale anayepanda mwewe. Serenoa mwenyewe hapigi kura. Anachoruhusiwa ni kuzungumza na kila mmoja kabla ya kura, akachagua hoja moja kati ya chache zilizowekwa mbele yake, na mwenzake akasadiki au akakataa. Baadhi ya hoja zimefungwa, na hufunguka tu iwapo mchezaji alizungukazunguka mjini kabla ya hapo, akaongea na wafanyabiashara, askari na wazee, akaokota habari iliyo na uzito. Tena kuna mambo matatu ambayo mchezo huyahesabu kwa siri katika kila jibu unalotoa, nayo ni manufaa, maadili na uhuru. Unapocheza mara ya kwanza hesabu hiyo huioni kabisa, lakini ndiyo inayoamua kama ushawishi wako utaingia masikioni mwa mtu, na ndiyo inayoamua ni wageni gani watakuja kujiunga na jeshi lako.

Baada ya kushindwa ile kura ya safari nilijipanga kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Kila nilipopelekwa mahali papya nilikimbilia watu wote waliosimama, nikabonyeza kitufe, nikayapitisha maneno yao haraka mpaka mchezo uniambie kwamba nimepata habari mpya, kisha nikamwacha msemaji hapo hapo. Wasiokuwa na habari sikuwarudia. Nilikuwa nimewageuza watu wa mji ule kuwa kama masanduku, ambayo mengine yana kitu na mengine ni matupu. Wakati huo niliona huo ndio uchezaji wa akili, na kwa kipimo cha ushindi nilikuwa sahihi, kwa sababu kura zilizofuata nilizishinda.

Ushindi ulioniachia alama ni wa sura ya saba. Aesfrost imekwisha kuivamia Glenbrook kwa kisingizio ilichokitengeneza yenyewe, mji mkuu umeanguka, mfalme ameuawa, na Roland amekimbilia ngome ya Wolffort akiwa na majeraha ya moyo ambayo hayafichiki. Aesfrost inamtaka. Serenoa amtoe rafiki yake ili watu wa ardhi yake wapone, au amlinde na kuleta jeshi kubwa mlangoni? Benedict, kama ilivyo kawaida yake, anapiga hesabu na kuona kwamba atolewe. Frederica anakataa. Na Roland mwenyewe, ambaye naye ana sarafu yake kama wengine, yuko tayari kujitoa.

Sikuwa na shaka kwamba nataka kumlinda. Nilichokifanya ni kumwendea kila mmoja na hoja iliyomfaa yeye. Kwa Benedict nilisema kwamba mwana wa mfalme aliye hai ni bendera, na kwamba bendera ina faida kuliko huruma ya adui. Kwa mwingine nilizungumzia urafiki, kwamba faida haina nafasi katika jambo kama hili. Kwa wa tatu nikasema tuna nguvu ya kutosha, na kwa wa nne nikasema kwamba hata tusipokuwa nayo, heshima inatudai. Kila hoja ilikuwa nzuri peke yake. Zikikusanywa pamoja zilikuwa maneno ya mtu asiyejali kama anasema kweli, maana haiwezekani nguvu zitutoshe na zisitutoshe kwa wakati mmoja. Mizani ililalia upande wangu, nami nikasimama kwa furaha kama niliyefunga bao.

Mdogo wangu, ambaye siku hizo alikuwa ameanza kufuatilia kuliko nilivyodhani, aliuliza, "Dada, sasa wewe mwenyewe unaamini ipi?"

Nilimwambia kwamba huo ni mchezo tu. Alinyamaza, akaendelea kutazama, na mchezo ukanipeleka moja kwa moja kwenye gharama ya nilichokishinda.

Jeshi la Aesfrost lilifika likiongozwa na Avlora, jemadari ambaye pigo lake moja lilitosha kumlaza mganga wangu. Uwanja wa vita ulikuwa kijiji cha Wolffort chenyewe. Benedict alikuwa ametega mitego ya moto katikati ya nyumba za watu, na mchezo unakuachia wewe uamue kama utaiwasha. Wenye nyumba wamekwisha kuondolewa, kwa hiyo hakuna anayeungua ndani, lakini kinachoteketea ni paa la mtu, ghala la mtu, mahali alipozaliwa mtoto wa mtu. Nilianza nikiwa na azma ya kutowasha hata mmoja. Sikuwa nimempigania Roland kwa maneno yote yale ili nije kuchoma nyumba za waliotukaribisha.

Hapa inabidi nieleze kidogo jinsi vita vyake vinavyokwenda, kwa sababu nilishindwa kwa makosa ya wazi. Katika Triangle Strategy aliye juu humuumiza zaidi aliye chini, anayepigwa mgongoni huumia sana, na adui aliyewekwa kati ya watu wako wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, akipigwa na mmoja hupata na pigo la ziada kutoka kwa yule mwingine. Moto hushika nyasi, barafu ikiyeyuka huacha maji, na radi ikipiga maji hayo husambaa kwa wote waliosimama humo. Mambo haya nilikuwa nikiyajua kwa kichwa. Lakini katika vita vyote vya awali nilikuwa na wapendwa wangu wachache niliowajenga, nikawa nawasukuma mbele kwa haraka ili kazi iishe. Dhidi ya Avlora haraka hiyo ilikuwa kifo. Serenoa alizingirwa, Frederica akaangushwa kabla hajatupa moto wake wa tatu, na Hughette niliyemweka peke yake alimalizwa na wapiga mishale wawili.

Nilishindwa mara mbili. Mchezo huu una rehema moja: ukishindwa, uzoefu ambao wahusika wako wameupata vitani haupotei, kwa hiyo unaporudi unakuwa na nguvu kidogo kuliko ulipoondoka. Mara ya tatu nilifika mbali, nikabakiwa na watu wanne, Avlora akiwa bado na zaidi ya nusu ya uhai wake. Erador alikuwa amesimama mlangoni pa kichochoro akiwaita maadui wampige yeye, kama kazi yake ilivyo, na nikaona kwamba zamu mbili zijazo angeanguka. Nikawasha mtego.

Sitasahau jinsi moto ule ulivyoshika. Picha za mchezo huu ni za nukta nukta, za mtindo wa zamani uliotiwa mwanga na vivuli vya kisasa, wala si za kutisha. Lakini miale ilimeza mtaa mzima kwa pigo moja, askari wa adui wakaungua kwa pamoja, na mimi nikahisi nafuu. Nafuu hiyo ndiyo iliyonishtua. Baada ya mtego wa kwanza wa pili haukuwa na uzito wowote: niliuwasha nikiwa hata sihitaji, kwa kuwa ungenipunguzia zamu tatu za kazi. Nyumba ambazo nusu saa iliyopita nilikuwa nimeapa kuzilinda zilikuwa zimekuwa zana.

Vita vilipokwisha nilifanya jambo ambalo wachezaji wengi tunalifanya bila kulisema, nalo ni kurudi kwenye faili ya zamani niliyoihifadhi ili nijifanye halikutokea. Niliitafuta, nikaiona, kidole kikawa juu ya kitufe. Kwa miaka yote niliyocheza michezo ya aina hii nilikuwa nimeishi kwa kurudi nyuma. Sikumbuki uamuzi hata mmoja mgumu ambao sikuutazama pande zote mbili kabla ya kuuchagua. Ukicheza namna hiyo huwi unaamua, unakuwa unakagua bidhaa. Niliizima mashine bila kurudi, na hilo lilikuwa tendo langu la kwanza la kweli katika mchezo ule, ingawa lilifanyika nje yake.

Niruhusiwe kutoka kando kidogo. Miezi kadhaa baadaye niliucheza Tactics Ogre, mchezo mkongwe uliotoka mara ya kwanza Japani mwaka 1995 kwa mashine ya Super Famicom na kurudishwa upya mwaka 2022. Humo kijana aitwaye Denam anaamriwa na upande wake mwenyewe kuwaua wakazi wa mji wa Balmamusa, watu wa kabila lake, ili lawama iangukie adui na wengine wapate hasira ya kupigana. Unapewa majibu mawili, kukubali au kukataa, na hadithi inagawanyika hapo hapo. Wajuzi wengi wanalitaja tukio hilo kuwa kilele cha michezo ya aina hii, nami sibishi, lilinitoa jasho. Lakini nililiona kuwa rahisi zaidi kuliko mizani ya Wolffort. Denam yuko peke yake na dhamiri yake, hana mtu wa kumshawishi, hana wa kumdanganya. Serenoa anatakiwa kuwapeleka watu saba pamoja naye, na katika kuwapeleka huko ndimo mlimo na mtego ambao mimi niliuingia kwa miguu yangu miwili.

Nikirudi kwenye mambo ya Norzelia, sehemu iliyobaki ya mchezo nilianza kuisoma kwa jicho jingine, hasa habari za Hyzante. Wanaochelea kuharibiwa utamu waruke aya hii. Taifa lile linahubiri usawa wa watu wote mbele ya mungu wao wa kike, na mitaani kwake kweli hakuna mwenye njaa. Lakini chumvi inayoliendesha inakusanywa na Waroselle, watu wenye nywele za waridi ambao wameambiwa kwamba wanalipia dhambi ya mababu zao. Mama yake Frederica alikuwa wa watu hao. Mara ya kwanza niliposimuliwa na mkazi mmoja wa Hyzante jinsi kila mtu alivyo sawa, nilibonyeza haraka kwa sababu maneno yake hayakunipa habari yoyote ya kura. Nilipokuja kuwaona Waroselle kwa macho nilimkumbuka yule mkazi, nikatamani kujua kama sauti yake ilisita popote alipoongea. Singeweza kujua. Nilikuwa nimempita.

Kwa hiyo, katika sura za baadaye, Hyzante ilipodai ikabidhiwe Waroselle walioishi katika ardhi ya Wolffort, nilijiwekea sharti kwamba nitatoa kwa wote saba hoja zinazoweza kukaa nyumba moja. Kama kwa Benedict nitasema kwamba kuwalinda ni hatari lakini ni haki, basi hata kwa Geela nitakiri kwamba ni hatari. Sharti hilo lilinigharimu. Watu wawili ambao ningewapata kirahisi kwa maneno ya kuwapamba walinikatalia, na mizani ilipokuwa ikipanda na kushuka nilikuwa nimeshika pumzi. Tuliwalinda, kwa tofauti ya sarafu moja. Raha ya ushindi huo ilikuwa ndogo kuliko ile ya sura ya saba, na ilikaa muda mrefu zaidi.

Mwishoni hakuna tena hoja mbili. Roland, Benedict na Frederica, watu watatu waliokuwa nami tangu mwanzo, kila mmoja analeta njia yake ya kuumaliza mgogoro, na njia hizo hazipatani. Roland amechoka na ufalme wenye matabaka na anataka kuungana na Hyzante, ili wengi wapate amani hata kama Waroselle watabaki utumwani. Benedict anataka kushirikiana na Aesfrost, adui aliyewaua wakubwa wao, kwa kuwa ndiyo njia ya kumfikisha Serenoa kileleni. Frederica anataka kuwatoa Waroselle utumwani na kuwaongoza hadi nchi ya mababu zao, na kuiacha Norzelia na vita vyake. Ukichagua moja, unampoteza mtu. Ninavyoona mimi huu ndio uandishi bora kabisa wa mchezo mzima, kwa sababu kila mmoja wao ana haki na kila mmoja anaacha watu nyuma, na tofauti yao ni watu gani.

Nilimfuata Frederica, na sikujuta, ingawa niliyaona matokeo yake kwa uchungu. Ipo pia njia ya nne, iliyofichwa, ambayo hufunguka tu kwa aliyefanya maamuzi fulani tangu sura za mwanzo. Niliifikia nilipoucheza mchezo huu mara ya pili, ambapo hesabu za manufaa, maadili na uhuru zilizokuwa siri huonekana waziwazi, na nikasaidiwa na maelekezo ya wachezaji waliotangulia. Katika njia hiyo mapendekezo yote matatu yanapatanishwa. Wengi wanaipenda. Mimi nadhani inamwacha mchezaji apite mlango wa nyuma, kwamba ukijua siri huhitaji kumkosea mtu yeyote, na maisha ya hadithi ile hayakuwa yamenizoesha hivyo.

Hata hivyo njia ya nne ilinipa adhabu moja ninayoiheshimu. Vita vyake vya kuelekea mwisho vinaligawa jeshi lako makundi matatu, moja chini ya kila mmoja wa wale watatu, na kila kundi linapigana peke yake. Mchezo una wahusika zaidi ya 20 wanaoweza kujiunga nawe, na mimi nilikuwa nimewalea kama kumi tu. Waliobaki walikaa kambini tangu walipojiunga, wengine nilikuwa sijawahi kuwatoa hata kwa vita vya mazoezi. Rudolph, jambazi wa zamani niliyempata kwa sababu ya ile kura niliyoishindwa ya kwenda Aesfrost, nilikuwa nimemdharau kwa kuwa upinde wake haukufika mbali kama wa Hughette. Sasa nilimhitaji. Nilitumia majuma mawili nikiwapeleka watu hao kwenye vita vya mazoezi mmoja baada ya mwingine, nikisoma ujuzi wa kila mmoja ambao ulikuwa umeandikwa pale muda wote, na nikagundua kwamba Rudolph hutega mitego ardhini, na kwamba mlango mwembamba ulindwao na mitego yake hauhitaji shujaa wa kusimama hapo afe. Niliwaza kichochoro cha Erador. Niliwaza nyumba nilizozichoma.

Nilipoucheza mara ya tatu nilipigana tena katika kijiji kile bila kuwasha moto, kwa kiwango kigumu zaidi. Nilijiwekea kanuni ya kutomsogeza mtu yeyote hadi niseme kwa sauti kwa nini anasogea, na mdogo wangu alikuwa shahidi wangu, mara nyingine akinipinga. Serenoa alikaa juu, Erador chini yake, Rudolph kandoni, na tukawaacha maadui waje. Vilichukua karibu saa mbili. Avlora alipoanguka nyumba zote zilikuwa zimesimama, na Geela peke yake ndiye aliyekuwa ameangushwa.

Baada ya hapo sikuugusa tena mchezo huo kwa muda, na ndipo mdogo wangu aliponiomba mashine. Alianza tangu mwanzo kabisa, akakataa faili zangu zote. Nilikaa kando yake, mahali alipokuwa akikaa yeye, nikiwa nimejaa maarifa ya kuucheza mara tatu: nilijua habari ipi iko kwa nani, hoja ipi inamwingia nani, na hata mpangilio wa sarafu ungekuwaje. Alifika kwenye kura ile ya safari, akaanza kuzunguka mjini. Alikuwa akienda polepole mno. Alisimama mbele ya askari mmoja mzee ambaye, kwa hesabu yangu, hakuwa na chochote. Akayasoma maneno yake yote, kisha akabonyeza tena ili ayasikie mara ya pili.

"Huyo hana kitu," nikamwambia. "Nenda kwa yule aliye karibu na lango, yeye ndiye mwenye habari."

"Subiri, dada," alisema bila kuondoa macho. "Hajamaliza kuongea."